Dawa ya Vidukari na Zamu ya Asubuhi

"Kiangazi kizima! Zamu ya asubuhi, ndiva imejaa mpaka mdomoni, kiangazi kizima! Halafu mnaniambia nigawane na huyu mvuvi wa vyura?"

"Mvuvi wa vyura unamwita nani?"

"Mwenye jina ameshaitika."

Watu wakacheka, majembe mikononi, tope magotini. Hapo zamani, milimani Upare, kwenye kijiji kilichoitwa Kighonda, ndivyo siku ya kuzoa tope ilivyoharibika kabla hata jua halijapanda. Aliyepiga kelele alikuwa Nakundwa, mwanamke mwenye watoto wengi na shamba baya. Aliyeitika alikuwa Mbonea, mtu aliyejua kitu kimoja maishani mwake na akakifanya kiwe kumi. Na wa tatu, Kirimia, alikuwa ameketi ukingoni akikwangua tope kwenye unyayo kwa kijiti, akasema bila kuinua kichwa:

"Nyie gawaneni. Mimi sigawani. Yangu naitaka nzima."

Wewe msikilizaji wa tambarare, unayedhani maji yapo tu kama hewa, tega sikio kidogo. Ndiva ni bwawa la kijiji. Kijito cha mlimani ni chembamba. Ukikiachia kiende zake mchana kutwa, kitaishia njiani. Kwa hiyo Wapare wanakiziba usiku, maji yanajikusanya kwenye ndiva, alfajiri wanazibua, na maji yanashuka kwa mfereji mpaka kwa mwenye zamu. Wa kwanza anapata maji ya kishindo, yanasukuma hadi mawe. Wa katikati anapata maji ya wastani. Wa mwisho anapata tope na majani, na akilalamika anaambiwa ashukuru.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mrindoko, kwa sababu babu yake ndiye aliyechimba ndiva. Babu yake, siyo yeye. Yeye hakuwahi kuchimba hata shimo la kuzikia paka.

Wa katikati alikuwa Kirimia.

Wa mwisho alikuwa Nakundwa. Mume wake alikwenda kukata mkonge huko chini akasahau njia ya kurudi. Kiangazi kilichopita magimbi yake yalikauka yakawa kama kamba. Alishuka na watoto, akakata mkonge mwenyewe mpaka mvua iliponyesha. Na wenye ardhi walikwisha kumwambia, bila aibu, mchana kweupe: kiangazi hiki shamba likikauka tena, likabaki tupu, anapewa mwingine. Shamba la mtu aliyehama si shamba la mtu. Basi mnapomsikia anapiga kelele, msiseme ni mwanamke mgomvi. Alikuwa anapigania mahali pa kulala.

Sasa tuone balaa lilianzia wapi.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Maharage ya Mrindoko yalikuwa yanaanza kutoa maua, shamba kubwa la mteremko, linaonekana kijiji kizima, na yeye alipenda lionekane. Ghafla majani yakajikunja. Yakanata kama yamepakwa asali. Ukigeuza jani, chini yake wamegandamana vidukari weusi, wadogo kuliko punje ya ulezi, wananyonya bila haraka kama watu walioalikwa harusini. Na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mashina, maana vidukari hutoa utomvu mtamu na sisimizi ni walinzi wao. Mrindoko akapuliza majivu. Vidukari wakanyonya. Akawatukana. Wakanyonya. Akawaleta wajukuu wawaponde kwa vidole, wajukuu wakaponda na maua.

Ndipo alipokwenda kusimama pale ndivani watu wote wakiwepo, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mbali:

"Atakayewaondoa wadudu hawa kwenye maharage yangu, nitamwachia zamu yangu ya asubuhi kiangazi kizima. Mrindoko amesema."

Mrindoko amesema! Angalieni mtu anavyojitaja jina kama vile ni mwingine. Mtu wa namna hiyo akiahidi, mshike shati hapohapo.

Basi Mbonea akajitokeza. Na hapa lazima nimpe haki yake, ingawa inanikera. Mbonea alikuwa na kawaida ya kushuka kwenye mto kule bondeni na majani ya utupa. Anayaponda juu ya jiwe, anayatupa majini, samaki wanalewa, wanaelea, anawazoa. Uvivu mtupu. Lakini pembeni ya jiwe lile la kupondea palikuwa na mboga ya maboga imejiotea, na Mbonea aliona kwamba kila mwaka maboga ya kijiji kizima yanaliwa na vidukari isipokuwa yale, yanayorukiwa na maji ya utupa. Wengine walipita pale. Wengine waliyachuma yale majani wakayala. Hakuna aliyeona. Yeye aliona. Hilo ni lake, hatumnyang'anyi.

Lakini mtu mwingine angesema, "Jamani, jaribuni utupa." Mbonea? Hata! Akaenda kuyaponda nyumbani kwake amefunga mlango. Akachanganya majani ya mpera, majani ya muhogo na mavi ya mbuzi ili yanuke, watu wasitambue. Akatoka na bonge la kijani limefungwa kwenye jani la mgomba, akalibeba kama mtu aliyebeba kichanga. Akataka aitwe Fundi.

"Fundi, dawa hii ni mti gani?" wakamuuliza.

"Mti huu hautajwi."

"Kwa nini hautajwi?"

"Ukitajwa unakasirika."

Na watu wazima wenye ndevu zao wakatikisa vichwa wakasema aha.

Dawa ilihitaji kulowekwa kwenye maji masafi, vyungu vikubwa kadhaa. Maji hayo yatoke wapi? Sheria ya ndiva ni moja: huruhusiwi kuteka mferejini ila kwenye zamu yako, na ukiteka, zamu inakwenda hivyohivyo, shamba lako halipati. Mbonea hakuwa na zamu yoyote, yeye ni mtu wa mto. Wakaenda kwa Mrindoko.

"Mzee, tunaomba maji ya kulowekea dawa."

"Maji yangu ni zawadi ya atakayeshinda," akasema Mrindoko. "Siyo ya kuchanganyia majaribio."

"Lakini ni ya shamba lako, mzee!"

"Ndiyo maana nayatunza."

Na Mrindoko akamwagilia.

Akaenda Mbonea kwa Kirimia. Kirimia naye alikuwa na maharage, kishamba cha kuangalia tu, na vidukari walishafika pembeni. Akafikiri. Akasema:

"Chukua zamu yangu. Lakini dawa itakayobaki ni yangu, niwapake wa kwangu."

"Itabaki nyingi mpaka uoge," akasema Mbonea.

Wakateka. Zamu ya Kirimia ikaenda. Maharage yake yakashinda na kiu. Dawa ikalowekwa mpaka kesho yake, ikachujwa kwa kitambaa, ikatiwa kipande cha sabuni ishike kwenye majani. Jioni Mbonea akaingia shambani, ametembea wima kama bwana harusi, anachovya ufagio wa majani, ananyunyiza. Juu ya majani! Vidukari wako chini ya jani, yeye ananyunyiza juu. Ni kama kumwogesha mtu kwa kulowesha paa la nyumba yake. Akamaliza vyungu vyote, halikubaki hata tone la kunawia, akaenda zake akisubiri sifa.

Vidukari wakanyonya.

"Fundi," wakamwambia, "wadudu wako palepale."

Hapo ndipo uongo ulipohitajika, na Mbonea hakukosa uongo hata siku moja. Akaangalia shamba kutoka juu mpaka chini. Akakuna shingo.

"Kosa mmelifanya nyie."

"Sisi? Wewe ndiye uliyenyunyiza!"

"Mlinisemesha nikiwa kazini. Tena niliingia kwa kutembea mbele. Dawa hii anayeinyunyiza haendi mbele, anakwenda kinyumenyume, ameinama, anashuka mteremko, uso ameuelekeza mlimani. Na hasemi neno mpaka jua lizame. Mti huu ni wa adabu."

Kinyumenyume! Ameitunga papo hapo, wakati anakuna shingo. Na kwa kuwa aliona kazi ya kuinama kinyumenyume shamba zima si kazi ya Fundi, akasema goti lake linauma.

Nakundwa akasema, "Nitafanya mimi. Tukishinda, zamu ile tunaigawaje?"

"Tutaelewana," akasema Mbonea.

Tutaelewana! Mtu akikuambia hivyo, jua amekwisha kuelewana na nafsi yake. Na Nakundwa, mwanamke mwenye akili zake, akakubali. Shida inamfanya mtu apokee neno tupu kama vile ni chakula.

Maji yakahitajika tena. Kirimia safari hii akamfukuza Mbonea kama mbwa.

"Ulisema nitaoga! Sikupata hata ya kulowesha kidole!"

Akaja Nakundwa. "Shemeji," akamwambia, maana Kirimia na mume wake walitahiriwa pamoja, "nipe zamu yako. Mimi siyo Mbonea."

"Maharage yangu yana kiu, shemeji. Nikikupa na hii, maua yataanguka."

"Chungu kimoja kizima ni chako. Kabla sijanyunyiza jani la Mrindoko, nitakitenga pembeni."

"Kwa neno lako?"

"Kwa neno langu."

Kirimia akampa. Siyo kwa neno la Mbonea. Kwa neno lake yeye. Shikeni hapo.

Dawa ikalowekwa upya. Jua lilipoanza kulegea Nakundwa akatenga chungu cha Kirimia pembezoni mwa mfereji, akakifunika kwa jani, kisha akapanda mpaka juu ya shamba, akageuka uso kuelekea mlimani, akainama, akaanza kushuka kinyumenyume. Watu wakasimama barabarani kumcheka. Wakamwita kaa. Yeye kimya, anachovya, anarudi nyuma hatua, anachovya, anarudi.

Na hapo, jamani, uongo wa Mbonea ukazaa kitu ambacho Mbonea mwenyewe hakukitia mimba. Mtu akiinama kwenye mteremko, uso ameuelekeza juu, haoni migongo ya majani. Anaona matumbo yake. Nakundwa akawaona vidukari wote, ukoo kwa ukoo, wametundikwa mbele ya macho yake. Akauacha ule mtindo wa kunyunyiza kama mtu anayebariki. Akaupindua ufagio, akarusha kutoka chini kwenda juu. Shina likiwa na sisimizi, akalilowesha. Jani lililojikunja, akalikunjua kwa vidole, akalilowesha. Hakuna aliyemwambia hayo. Mgongo ulimkatika, macho yalimwasha, alikwenda mpaka mwisho wa shamba.

Alipofika chini, jua lilikuwa bado limebakiza kidogo. Akamkuta Mbonea amekuja kuangalia mali yake. Mbonea akaona chungu kimebaki, kimefunikwa. Akaogopa. Dawa ikilala nje, mtu atainusa, atachuja, ataokota kipande cha jani, atajua ni utupa, na Ufundi utakwisha. Akakiinua chungu.

Nakundwa akatoa macho. Akapunga mikono. Akaonyesha upande wa kwa Kirimia.

"Shhh," akasema Mbonea. "Jua bado."

Akakimwaga chungu chote mferejini.

Nakundwa akasimama pale, mdomo umefungwa, anatazama neno lake linakwenda na maji. Jua lilipozama alimtukana Mbonea matusi ambayo sitayarudia, watoto wapo. Lakini lilipozama. Siyo kabla.

Asubuhi yake akina mama waliokwenda mferejini wakakuta vyura wameelea, matumbo juu, bonde zima. Bibi mmoja akanusa maji, akapiga ukelele:

"Utupa! Si utupa huu huu wa samaki!"

Basi siri iliyofichwa kwa mavi ya mbuzi ikatangazwa na vyura. Mbonea akaanza kuitwa Mvuvi wa Vyura, na jina hilo alikwenda nalo kaburini.

Maharage ya Mrindoko? Baada ya siku chache sisimizi waliacha kupanda. Hapakuwa na utomvu wa kufuata. Vidukari walisinyaa wakawa maganda, ukipuliza wanapeperuka. Majani mapya yakafunguka. Maua yakashika. Shamba likawa zuri hata likamkera kila anayelipita.

Maharage ya Kirimia? Yalikosa maji mara mbili na dawa mara mbili. Alipokwisha kujua ni utupa na kwenda kuuponda mwenyewe, maua yalikuwa chini. Alivuna majani makavu ya kulazia kuku.

Na Mrindoko akamwagilia.

Sasa turudi kwenye tope, maana siku ile ya kelele ndiyo baragumu lilipopigwa kuwaita watu wote kwenye msaragambo. Kwa Wapare, msaragambo ni kazi ya wote, asiyekuja anatozwa. Walikuja kuzoa tope la ndiva kabla ya kiangazi kirefu, na wakimaliza, msimamizi wa ndiva, mzee mmoja mkavu aliyeitwa Kangero, hutangaza zamu. Akishatangaza, haibadiliki mpaka mvua irudi.

Mrindoko alisimama ukingoni, miguu mikavu, yeye peke yake.

"Mzee Mrindoko," akasema Kangero, "uliahidi mbele yetu. Zamu ya asubuhi unampa nani?"

"Mimi?" akasema Mrindoko. "Mimi nipo tayari tangu zamani. Lakini niliahidi mtu mmoja. Nilisema *atakayewaondoa*, sikusema *watakaowaondoa*. Wamekuja watatu. Wapatane kwanza, wanangu hawa. Wakipatana, mimi nipo."

Mnamwona? Anajua hawatapatana. Anawaita wanangu huku anaomba wang'oane macho.

Ndipo Mbonea akapanda juu ya rundo la tope.

"Zamu ni yangu. Nani aliujua utupa? Hebu aseme! Mmezaliwa nao, mmeukanyaga, mbuzi wenu wameuruka. Nani aliona? Ni mimi. Nani aliyesema kinyumenyume? Ni mimi. Huyu mama alitumwa na mdomo wangu. Mkono ukipiga ngoma, anayesifiwa ni mwenye mkono."

"Ulisema kinyumenyume ili kuficha aibu yako!" akafoka Nakundwa. "Ulikuwa unatunga!"

"Nilikuwa natunga, sawa. Vidukari walikufa, hawakufa?"

"Walikufa."

"Basi. Nia yangu inakuhusu nini? Kama ningesema kweli wasife, ungenipa zamu?"

Watu wakatazamana, kwa sababu yule mwongo alikuwa amesema kitu.

"Na mwenyewe ulinyunyiza kwa kinywa hichohicho na mkono huohuo," akasema Nakundwa, "ukaiogesha migongo ya majani. Majani yako, maji yale yale, sabuni ile ile. Hakufa hata mmoja. Kilichoongezeka ni nini? Ni mimi! Uliniambia niende kinyumenyume; hukuniambia nitazame. Hukuniambia nipindue ufagio. Hukuniambia nikunjue jani kwa vidole. Mngemweka mwingine anayejali adabu ya mti, angeshuka kinyumenyume amefumba macho. Mgongo huu bado unauma. Zamu ni yangu. Na wote mnajua nisipoipata ninakokwenda."

"Umemaliza, shemeji?" akauliza Kirimia. Akasimama sasa. Kijiti akakitupa. "Yeye alijua. Wewe ulifanya. Mlifanya kwa nini? Kwa mate? Mwenye shamba mwenyewe alinyima maji. Mimi nilitoa. Nilitoa mara mbili. Mtu anayejua amebaki na ujuzi wake, wewe uliyefanya umebaki na mikono yako. Mimi nimebaki na nini? Mbonea hakupungukiwa. Wewe hukupungukiwa. Aliyepungukiwa kwenye kazi hii ni mimi peke yangu. Zamu ni yangu."

"Hukutoa, uliuza," akasema Mbonea. "Ulitaka dawa."

"Na nikalipwa?"

"Muulize aliyekupa neno."

Kirimia akamgeukia Nakundwa. "Nakuuliza. Chungu changu kiko wapi?"

"Alikimwaga huyu! Nilikatazwa kusema, jua lilikuwa bado."

"Mdomo ulifungwa. Mikono ilifungwa na nani? Ungekishika chungu. Ungekikalia! Tena umesema sasa hivi, mbele ya watu, kwamba ilikuwa ni hadithi ya kutunga. Kama ulijua ni uongo, ulinyamaza kwa nini?"

"Sikujua siku ile! Na kama ningepigana naye, chungu kikapasuka, kelele zikatoka, halafu vidukari wasife, mngesema nani ameharibu? Mngesema Nakundwa. Nimeinama shamba zima, shemeji, nihatarishe yote kwenye hatua ya mwisho?"

"Kwa hiyo ulihatarisha ya kwangu."

Nakundwa akachomeka jembe topeni. Kisha akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechokozwa mahali penyewe.

"Na wewe ulikuwa wapi? Ulijua nanyunyiza jioni ile. Ulijua Mbonea ni mtu wa namna gani. Kwa nini hukuja kuchukua chungu chako kwa mikono yako?"

"Nilikuwa nimealikwa."

"Umealikwa wapi?"

"Kwa watu."

"Dengelua!" akapaza sauti mtu mmoja kutoka kwenye tope. "Alikuwa kwetu, anakunywa dengelua, anasema yeye kesho ni tajiri wa maharage!"

Ndiva nzima ikacheka. Hata jembe moja likaanguka. Kirimia akasema pombe ya miwa si kosa, na kwamba mtu aliyepewa neno halazimiki kwenda kulilinda kama mbuzi. Na hilo nalo ni kweli, ukilifikiri bila kucheka.

Wakaanza upya. Mbonea akasema nilijua. Nakundwa akasema nilifanya. Kirimia akasema nilitoa. Nilijua, nilifanya, nilitoa, mpaka kunguru wakaondoka.

"Wagawane," akasema bwana mmoja mpole, wa wale wasiopenda kelele.

Kangero akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza mlima uko wapi.

"Zamu ya asubuhi ugawe mara tatu? Mfereji umekauka, una nyufa. Unakunywa wa kwanza kabla ya shamba lolote. Ukikata mara tatu, umewapa watatu wote tope. Na kupokezana siku sitaki kusikia, gimbi halijui kusubiri siku ya wenzake. Anapata mmoja. Kisipopatikana kichwa kimoja leo, zamu inabaki kwa mwenyewe."

Mrindoko akatazama juu, akasema jua linakuwa kali, afadhali watu wamalize waende makwao. Alikuwa na haraka ghafla, mtu yule ambaye hakuwahi kuwa na haraka ya kulipa chochote.

Nakundwa akatoka kwenye tope. Akapanda ukingoni mpaka mbele ya Mrindoko, miguu yake ikiacha alama nyeusi mahali pale pakavu alipokuwa amesimama. Watoto wake walikuwa wamekaa pembeni ya kizibo. Hakulia, hakupiga magoti. Akasema:

"Maharage yako yana vidukari, mzee?"

"Hayana."

"Basi."

Nyuma yake Mbonea akasema, kwa utupa wangu. Na Kirimia akasema, kwa maji yangu.

Kangero akainua baragumu, akalishika kifuani, hajalipiga bado. Hapo ndipo ninapowaachia nyie hukumu, kwa sababu wale wa Kighonda walishindwa, na nyie mnacheka tu tangu nilipoanza, kama vile mngekuwa ninyi mngejua.

Haya, jueni. Aliyeona peke yake kile ambacho kijiji kizima kilikikanyaga, kisha akakifunika kwa uongo, na uongo wenyewe ukaponya? Au aliyeinama akatazama akaua wadudu kwa mikono yake, kisha akaliacha neno lake limwagwe mbele ya macho yake? Au aliyetoa maji wakati mwenye mali amenyima, akapoteza kila kitu, kisha akawa kwenye dengelua mali yake ilipokuwa inamwagwa? Msiniambie wote walikosea. Hilo Mrindoko pia analisema, na mnajua kwa nini. Msiniambie mtafikiria. Yeye anamwagilia mkiwa mnafikiria.

Je, nani alistahili zamu ya asubuhi?

Mimi nimetoa yangu, nimeisimulia mpaka mwisho. Nawadai jina moja. Lileteni.